Mto wa Nyuma ya Kiwanda

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima yote ya mkwe, na naomba uuvumilie mwandiko wangu, maana mikono iliyozoea usukani haitulii juu ya karatasi. Goti linaendeleaje? Mwanao aliniambia kuwa ile dawa ya kuchua imelituliza kidogo, ila kupanda ngazi bado ni vita. Pole sana. Usijikaze mbele za majirani. Anayekupenda hana haja ya kukuona ukitembea haraka.

Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako ameanza kutembea. Anatembea kama mlevi anayekataa kushikwa mkono, na kila akianguka hutazama kwanza kama kuna aliyemwona, ndipo aamue kulia au kunyamaza. Meno ya juu yametoka, na ameshayajaribu kwenye kidole changu. Paji la uso ni lako, hilo hatubishani tena.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Mama, nyumba yetu unaijua, chumba na sebule. Neno likisemwa sebuleni linafika kitandani kabla halijamalizika. Na haya ninayotaka kukueleza si ya kusemwa huku mtandao unakatika na mtu anasema "haloo, haloo" kama anaita kuku. Barua hii anakuletea dereva mwenzangu anayepita njia ya kwenu. Ni mtu mwaminifu. Mpe maji ya kunywa, lakini usimkaribishe kuanza hadithi zake, atashinda hapo.

Nataka kukusimulia habari za mwanao. Najua unamjua kuliko mimi, wewe uliyemzaa ukamlea peke yako. Lakini yapo aliyoyafanya hapa kazini ambayo hajakuambia, na hatakuambia, kwa sababu yeye akiulizwa habari hujibu "nzuri tu" hata paa likiwa linawaka moto.

Unajua kwamba kazi yake ilikuwa maabara, kupima maziwa yanayoingia kiwandani. Wafugaji walimbatiza jina la Bi Kipimo, maana hakuna aliyewahi kutia maji kwenye maziwa akampita. Hata mimi nilimfahamia hapo. Nilileta dumu la mfugaji mmoja, akalikataa, nikabisha kwa sauti kama mwanamume mwenye haki, naye akaniuliza kwa upole kama ng'ombe huyo alikamuliwa akiwa anaogelea. Watu walicheka wiki nzima. Mimi nilirudi kesho yake nikiwa nimevaa shati safi.

Sasa, nyuma ya kiwanda unapita mto mdogo. Kwa miaka yote hiyo, kila kitu kilichooshwa kiwandani kilipitia mtaro na kuishia humo: masalio ya kwenye madumu, maziwa yaliyomwagika sakafuni, maji ya sabuni, na yale maji ya manjano yanayobaki jibini likishaganda. Asubuhi mto ulikuwa mweupe, mchana ulikuwa wa kijivu, na jua likiwa kali ulinuka kama chupa ya mtoto iliyosahaulika chini ya kitanda. Sisi tulishazoea. Pua ya mtu hunyamaza ikilipwa mshahara.

Huko chini mto unakoelekea, kuna akina mama wanaolima mboga kando ya maji. Mkubwa wao tunamwita Mama Bustani, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ambo. Siku moja walikuja kiwandani na ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na maji mazito na samaki waliokufa, matumbo juu. Mkurugenzi wetu aliwapokea getini. Si mtu mbaya, Mama, usimwone hivyo. Ni mtu wa hofu. Tunamwita Mzee Taratibu, kwa kuwa ukimwendea na jambo lolote atakwambia kuna taratibu. Siku hiyo aliwaambia kwamba kiwanda kinatengeneza maziwa, na maziwa ni chakula, hayajawahi kumuua mtu wala samaki. Wakaondoka na ndoo yao.

Hawakurudi na ndoo tena. Walirudi wote, wakakaa chini mbele ya geti, barabara nzima, na majembe yao mapajani. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza na lori limejaa maziwa ya asubuhi. Nyuma yangu wakapanga foleni wenzangu. Jua likaanza kupanda. Wewe umewahi kufuga, Mama, unajua maziwa hayana subira. Madereva wakaanza kupiga honi, mlinzi akaanza kutukana, na Mama Bustani akasema kama kuna mwenye haraka apite juu yake, ila alipe mazishi. Mkurugenzi alikuwa ofisini akipiga simu kuita askari.

Hapo ndipo nilipomwona mwanao akitoka, na koti lake jeupe, mikono mitupu. Nilitamani kushuka nimzuie. Alikwenda akakaa chini nao, pale pale vumbini, akaomba aonyeshwe mikono ya mama mmoja aliyekuwa akijikuna. Kisha akawaambia, kwa sauti ambayo sote tuliisikia kwa sababu honi zilikuwa zimenyamaza:

"Samaki wenu tumewaua sisi. Maziwa yakiingia mtoni yanaoza, na yakioza yanamaliza hewa iliyomo kwenye maji. Samaki anakosa pumzi kama mtu aliyefungiwa kwenye sanduku. Nimepima mwenyewe."

 Mama Bustani alimwuliza kama anajua anachokisema na wakubwa wake wakiwa dirishani. Mwanao akasema anajua. Halafu akawaomba wafungue njia, si kwa ajili ya kiwanda. Akawaambia maziwa yale ni ya watu walioamka kukamua kama wao walivyoamka kumwagilia, na zaidi ya hapo, yakichacha kwenye malori yatamwagwa wapi kama si humo humo mtoni? Aliwaahidi kwamba atautafutia mtaro ule dawa, na kwamba asipoweza, watamkuta hapo hapo getini wamwulize.

Walinyanyuka mmoja mmoja, wakijipangusa vumbi. Nilipita na lori langu polepole sana, na sikuthubutu kumtazama mke wangu, maana nilijua nitalia mbele ya madereva, na madereva hawasamehe.

Mkurugenzi naye hakusamehe. Alimwambia kwamba kukiri hadharani kuna taratibu zake. Kesho yake mwanao alivuliwa koti jeupe, akapewa mabuti ya mpira na aproni, akapelekwa chumba cha kuoshea madumu.

Ndiyo, Mama. Kipindi chote kile ulipokuwa ukimpigia, naye akikwambia maabara kuna kazi nyingi, alikuwa anaosha madumu. Alinikataza kukuambia. Alisema ulimsomesha kwa kushona nguo za watu hadi macho yakaanza kukusumbua, na hakutaka usikie kwamba elimu ile imeishia kwenye brashi na sabuni. Mimi nilitaka aache kazi. Nilimwambia nitaendesha na usiku, tutakula tutakachopata. Akaniambia niache kuongea kama mtu aliyefiwa, na kwamba chumba kile kina mambo.

Na kweli kilikuwa na mambo. Maabara alikuwa akiyaona maziwa yanayoingia. Huku akaanza kuona yanayotoka. Aliona kwamba dumu likimwagwa haraka haraka, chini hubaki maziwa ambayo maji huyabeba moja kwa moja hadi mtaroni. Akawaomba wenzake wawe wanayainamisha madumu juu ya beseni refu, yachuruzike kwanza, ndipo yaoshwe. Wakamcheka. Jioni beseni lilipojaa, kicheko kikapungua. Kisha akatenga maji ya kusuuza ya mwanzo, yale meupe, yasichanganywe na ya sabuni. Akatenga na maji ya jibini. Akanijia mimi na swali: lori langu likirudisha madumu matupu kwa wafugaji, mbona linarudi na upepo? Ndama hawanywi upepo.

Basi nikawa narudi na mapipa ya hayo yote aliyoyatenga. Wafugaji mwanzoni walinitazama kama niliyeleta uchawi. Mmoja aliniuliza kama kiwanda sasa kimeanza kurudisha maziwa yaliyokataliwa. Lakini ndama hawana siasa. Walikunywa, wakalamba pipa, wakanifuata hadi kwenye lori. Siku hizi nikichelewa nasikia wananilaumu tangu kwenye kona.

Kuna jingine, na hili ndilo lililonifanya nimvulie kofia. Maziwa yakitoka kwa ng'ombe huja na joto, na kiwanda hutumia maji baridi kuyapoza. Maji yale yakitoka hapo huwa ya vuguvugu, na yalikuwa yanamwagwa tu, huku upande wa pili wa ukuta huo huo mchochea boila anateketeza kuni kuchemsha maji baridi ya kuoshea. Mwanao alikwenda kukaa na mchochea boila, mzee mmoja mkali ambaye hapendi mtu amguse hata fagio lake. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba wawili hao waliomba mabomba ya zamani yaliyokuwa yakiota kutu nyuma ya stoo, wakayaunga, na maji ya vuguvugu yakaanza kuingia boila badala ya mtaro. Mchochea boila akawa anakaa kwenye kiti mchana, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

Usidhani mambo yalinyooka tu, Mama. Yaliyobaki, maji ya sabuni na uchafu wa sakafuni, yalihitaji pa kwenda. Aliomba kile kiwanja cha nyuma kilichojaa magugu, achimbe mabwawa ya kina kifupi, maji yapite polepole, tope litue, kisha yaingie kwenye matete yanayochuja. Mkurugenzi hakukubali wala hakukataa. Alisema ataangalia taratibu. Mwanao akachukulia kwamba asiyekataa amekubali. Akina mama wa mboga walikuja na majembe yale yale waliyokaa nayo getini, wakachimba naye siku za mapumziko. Mimi nilibeba udongo. Nilidhani nina nguvu hadi niliposhindana na Mama Bustani.

Mvua za kwanza zilipokuja, ukingo wa bwawa la mwisho ulibomoka. Tope lote, na harufu yake, likashuka likafunika vitalu vya mboga. Asubuhi ile tulipofika, Mama Bustani alikuwa amesimama katikati ya shamba lake, tope hadi kwenye mashavu ya miguu, na hakupiga kelele.  Alimwambia mwanao kwamba afadhali zamani walikuwa wanaletewa uchafu na watu wasiowajua.

Nilimtazama mke wangu nikadhani hapa ndipo pa kukata tamaa. Hakujitetea. Hakusema ni mvua. Alikunja sketi, akaingia kwenye kitalu cha kwanza, akaanza kuzoa tope kwa mikono, akimimina kwenye ndoo, ndoo baada ya ndoo. Baada ya muda mrefu Mama Bustani akamtupia koleo. Hakumpa, alimtupia, lakini lilikuwa koleo. Walifanya kazi siku nzima bila kuzungumza. Wakati wa kuondoka, yule mama alimwambia kwamba bwawa halijengwi kwa udongo wa juu, ukingo unatakiwa udongo wa mfinyanzi, na kwamba yeye anajua unapochimbwa. Mwanao akasema, "Ungeniambia mapema." Naye akamjibu, "Hukuniuliza. Uliniita kuchimba, hukuniita kufikiri." Walicheka wote wawili, wamechafuka hadi nyusi. Tangu siku hiyo hakuna jambo la mabwawa linaloamuliwa bila Mama Bustani, na ukingo ule haujapasuka tena.

Mkurugenzi alikuja kujua ukubwa wa yote hayo kupitia kuni. Aliona rundo la kuni halipungui, akashuka kwa mchochea boila kuuliza kama boila imekufa. Mchochea boila akamwambia akamwulize mama anayeosha madumu. Nilikuwepo, nashusha mzigo. Mkurugenzi aliingia chumba kile cha mvuke na suti yake, miwani ikafunga ukungu, akawa hatuoni. Mwanao alimgeuzia dumu akae. Akamweleza yote tangu mwanzo, bila dharau wala kulalamika, kama mtu anavyomweleza mgeni njia. Tulikwenda sote, pamoja na waosha madumu, hadi mtoni. Maji yanayotoka kwenye matete hayajawa ya kunywa, Mama, sitakudanganya. Lakini unaona mchanga chini. Vyura wamerudi, na wanapiga kelele kama wenye nyumba.

Mkurugenzi aliinama akauangalia mchanga ule. Halafu akamwuliza mbona hakumwambia mapema. Mwanao akamjibu, "Nilikuambia, bosi, nilipokuwa na koti jeupe."

Nilidhani tumefukuzwa sote. Mzee yule alivua miwani, akaifuta kwa tai, akasema kwamba siku ile getini aliogopa. Alisema aliona kiwanda kinafungwa na wafugaji wote wanamlaani, na mtu mwenye hofu hamsikii hata anayemwokoa. Kisha akamwomba msamaha mbele yetu, yeye mtu mzima mwenye mvi, mbele ya waosha madumu. Nami nilimheshimu kuanzia hapo. Mwanao amerudishwa, si maabara tu. Sasa anasimamia maji yote ya kiwanda, yanayoingia na yanayotoka. Kiti cha kwanza alichoomba kwa ofisi yake mpya hakikuwa chake, kilikuwa cha Mama Bustani akija mkutanoni, kwa sababu viti vya kiwanda vyote vina mikono na yeye havimtoshi.

Sasa, Mama, nifike kwenye lile lililonikalisha kuandika.

Wakaguzi wa mazingira walikuja kuyaona mabwawa. Walitembea, wakapima, wakauliza, wakaondoka. Baadaye ikaja habari kwamba wanataka kumpeleka mwanao masomoni, nchi ya mbali, mwaka mzima, ajifunze kusafisha maji ya viwanda vya maziwa kwa njia kubwa zaidi, kisha arudi asaidie viwanda vingine vyenye mito nyuma yake. Mkurugenzi alimwita kumpa habari hiyo akiwa anatabasamu hadi kwenye masikio.

Amekataa. Alirudi nyumbani akaniambia amekataa, kisha akaanza kukuna nazi kana kwamba amezungumzia hali ya hewa. Nilimwuliza sababu. Akasema mtoto bado mdogo. Nikamwambia mtoto ana baba, na baba ana mikono miwili, na uji naujua, ule ulioungua ulikuwa bahati mbaya. Hakucheka. Ndipo aliponiambia kwamba wewe ulibaki peke yako ungali kijana, na mtoto mgongoni, na ulipata nafasi ya kwenda kushona mjini ukaikataa ili usimwache. Alisema hukumwacha hata siku moja. Akaniuliza, "Nitamwambiaje mwanamke kama huyo kwamba mimi nimemwacha wangu mwaka mzima kwa ajili ya mto?"

Mwenye jibu la swali hilo ni wewe.

Mama, mwanao hajui kwamba nakuandikia. Mkurugenzi naye hajapeleka jina la mtu mwingine. Ameniambia pembeni kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake ataziacha taratibu zisubiri, lakini si kwa muda mrefu. Mimi nitamlea mtoto huyu uje usije, hilo ni langu na nimelikubali kwa moyo mweupe. Lakini mke wangu hataondoka kwa ruhusa yangu. Ataondoka kwa ruhusa yako. Na kama goti litakubali safari, ningefurahi kuliko ninavyoweza kuandika ukija kukaa nasi mwaka huo. Chumba tutakupa sisi, mimi nitalala sebuleni, na nyumba yetu haina ngazi hata moja. Asubuhi utamkuta mjukuu wako ameshaamka, amekaa, anangoja mtu wa kumtawala.

Kama huwezi kuja, basi mpe neno tu. Usimwambie umelisikia wapi. Mwambie kwamba hukumlea ili akae karibu nawe. Na kama si kweli, kama ulimlea akae karibu nawe, sitakulaumu, na barua hii uichome na tusiizungumze tena.

Jumapili atakupigia kama kawaida. Utamwuliza habari za kazi, naye atakwambia nzuri tu, hakuna jipya. Nakuomba sana, Mama, siku hiyo moja usimkubalie.

Msalimie jirani yako mnayepakana ukuta na wote wanaotuulizia. Mchochea boila, ambaye humjui wala yeye hakujui, amesema nikuandikie kwamba umezaa mtu. Mjukuu wako amekalia karatasi hii mara mbili, kwa hiyo mikunjo hiyo ni salamu zake. Nakutakia afya na goti jepesi.

Nabaki mkweo mtiifu,

Baba wa mjukuu wako